Bandama kubwa si malaria tu: dhana potofu kuhusu ugonjwa wa Gaucher

Dhana: Tumbo la mtoto limejaa, basi ni malaria.

Chamwino, Bahi au Kongwa, mkoani Dodoma, jibu hilo linaweza kuwa sahihi. Malaria ya kujirudia na kichocho huvimbisha bandama. Lakini kipimo cha malaria kikitoka hasi, dawa zimekwisha, na bandama bado inashikika chini ya mbavu za kushoto mwezi baada ya mwezi, tutafute sababu nyingine. Mojawapo, nadra sana, ni ugonjwa wa Gaucher, ulioelezwa na daktari Mfaransa Philippe Gaucher mwaka 1882. Mgonjwa ana upungufu wa kimeng'enya kinachovunja aina fulani ya mafuta ndani ya seli, hivyo mafuta hayo hurundikana kwenye bandama, ini na uboho wa mifupa.

Dhana: Ana upungufu wa damu na anaumwa mifupa, hiyo ni selimundu (sikoseli).

Hapa ndipo wengi hupotea, na si ajabu, kwani maumivu yanafanana mno. Tazameni mambo mawili. Kwenye selimundu, bandama mara nyingi husinyaa kadiri mtoto anavyokua. Kwenye Gaucher huzidi kukua. Pia kwenye Gaucher chembe sahani, zile zinazosaidia damu kuganda, hupungua, ndiyo maana pua hutoka damu, fizi huvuja, ngozi hupata michubuko bila kugongwa, na msichana hupata hedhi nzito. Mifupa nayo huweza kuvunjika kirahisi. Kipimo cha selimundu kikiwa hasi, msiishie hapo.

Dhana: Amelogwa, achanjwe chale tumboni.

Wazazi wenzangu, nawasihi, msifanye hivyo. Mtoto mwenye chembe sahani chache akikatwa, damu inaweza kukataa kuganda. Msimkande wala kumbinya tumbo. Bandama iliyovimba inaweza kupasuka.

Dhana: Baba na mama ni wazima, hawezi kuwa amerithi.

Anaweza. Kila mzazi hubeba nakala moja ya jeni yenye hitilafu bila kuumwa, na katika kila mimba kuna uwezekano wa 1 kati ya 4 mtoto kuugua. Kumlaumu mama peke yake ni dhuluma.

Dhana: Ni ugonjwa wa watoto wadogo.

Aina ya kwanza ya Gaucher huweza kujitokeza hata utu uzimani. Aina ya pili ndiyo ya wachanga: makengeza, shingo kukakamaa, shida ya kumeza.

Dhana: Bandama ikitolewa, amepona.

Kimeng'enya bado ni pungufu, na mafuta huendelea kurundikana kwenye ini na mifupa. Asiye na bandama pia hushambuliwa vikali zaidi na malaria na bakteria. Tiba ya kuongezewa kimeng'enya kupitia mshipa ipo tangu 1991, kwa kawaida kila wiki mbili. Ni ghali mno, na haifiki kwenye ubongo.

Kliniki, ombeni picha kamili ya damu na ultrasaundi ya tumbo, kisha rufaa kwa daktari bingwa, mfano Hospitali ya Benjamin Mkapa jijini Dodoma. Kinachothibitisha ni kupima utendaji wa kimeng'enya chenyewe kwenye damu.