Je, wajua kwa nini chenso (msumeno wa cheni) ya betri inatamba juu ya mti ila chini kwenye gogo nene inaishiwa pumzi?

Watu wanabishana sana kuhusu hizi chenso, huyu anasema za betri ni za kukatia ua tu, yule anasema petroli imepitwa na wakati, kumbe kila mmoja anaongelea kazi yake. Kazi ya miti ni mbili ndani ya moja: kuna kupanda na kushusha matawi kwa kamba, halafu kuna kuangusha shina na kulikata vipande pale chini.

Tuanze na juu. Jamaa ananing'inia kwenye kamba, mguu mmoja kwenye tawi, chenso ndogo inabembea kiunoni. Anasogea, anafunga kamba ya kushushia tawi, anaulizana na mwenzake wa chini kama pako salama, ndio anakata, sekunde chache tu, tawi limekwenda, anaanza kuhama tena. Yaani muda mwingi akiwa juu wala hakati. Sasa kama ana ya petroli, aidha aiache inanguruma bure, moshi unampanda puani na ekzosi ya moto iko karibu na paja na kamba zake, au aizime halafu kila tawi aanze kuvuta upya, na kuvuta chenso ukiwa umening'inia ni shughuli, mkono mmoja umeshika mashine, wa pili unavuta, wa kujishikilia haupo. Ya betri anabonyeza triga cheni inazunguka, akiachia inasimama, na ikiwa imetulia kiunoni chaji karibu haiendi kabisa. Kwa hiyo ile betri ndogo inayoonekana haitoshi, juu ya mti inatosha vizuri tu, kwa sababu inatumika pale tu mbao inapokatwa.

Kingine ni namna nguvu inavyokuja. Injini ya kuchanganya petroli na oili (nyingi ni 50 kwa 1, yaani mililita 20 za oili kwa lita) ikiwa inanguruma tu iko kwenye mizunguko kama 3,000 kwa dakika na cheni haisogei, mpaka uipandishe klachi ishike, na nguvu yake kamili iko juu zaidi huko kwenye 9,000 na kitu. Mota ya umeme haina habari ya kupandishwa, nguvu yake ya kuzungusha iko pale pale inapoanza. Kwenye tawi jembamba unalolikata mara moja, hiyo ndiyo inayofanya ionekane nyepesi mkononi.

Na kelele jamani. Ya petroli inavuka desibeli 100 kirahisi sikioni kwa anayeishika, ya betri iko chini ya hapo kwa desibeli 10 au zaidi, na desibeli 10 sio kidogo, ni nishati ya sauti mara kumi. Aliye juu na aliye chini wanasikizana, na kwangu mimi hiyo ndiyo faida kubwa kuliko zote, maana tawi la kilo mia likianza kuja upande usiotarajiwa, neno "toka!" linatakiwa lifike. Mtikisiko nao ni mdogo, na ule mtikisiko wa miaka ndio unaofanya vidole vya wakata miti wengi vife ganzi na kuwa vyeupe kukiwa na baridi.

Haya, shuka chini. Hapa hesabu ndio inaiangusha betri. Lita moja ya petroli ina nishati ya karibu kilowati-saa 9. Betri ya volti 36 na ampea-saa 9 ina kama 0.3 tu, na ina uzito kuliko hiyo lita ya petroli. Ni kweli injini inapoteza sana, tuseme inageuza sehemu moja kwa tano kuwa kazi na mengine yanaondoka kama joto, na petroli nyingine inatoka mbichi kabisa kupitia ekzosi, wakati mota inatumia zaidi ya asilimia 80 ya chaji. Lakini hata ukitoa hasara zote hizo, tangi la nusu lita linakupa kazi ya betri tatu hivi. Na kwenye gogo nene hakuna kupumzika, upanga, kile chuma kirefu kinachobeba cheni, umezama kwenye mbao dakika nzima, betri inachemka, mashine inajizima yenyewe kujilinda, unasubiri ipoe. Mwenye petroli anajaza tangi dakika mbili anaendelea, wewe unatafuta umeme msituni.

Ajabu ni kwamba umeme ndio ulitangulia kwa bwana Andreas Stihl wa Ujerumani, mwanzilishi wa kampuni ya chenso za Stihl, chenso yake ya kwanza ya mwaka 1926 ilikuwa ya umeme, kilo 64, ya kushikwa na watu wawili, ya petroli akaitoa 1929. Umeme ule ulikuwa wa waya, na msituni waya hakuna.

Ila kuna jambo moja kwa anayehamia betri. Ile suruali ya kinga ina nyuzi ndefu ndani, cheni ikiigusa inazivuta mpaka gia inayoizungusha inakabwa na injini ya petroli inakwama. Mota ya umeme ina nguvu hata ikizunguka polepole, haikubali kukwama kirahisi hivyo, kwa hiyo suruali ile ile inaweza isikulinde kama ulivyozoea. Na kwa kuwa haingurumi, ukiwa umeishika ni rahisi kusahau kwamba iko tayari. Ukitaka kunoa au kukaza cheni, betri iwe mfukoni mwako kwanza.