Ubunifu wenye akili: si jina jingine la kumwamini Muumba

Chukua mtego wa panya, ule wa ubao. Una kibao, springi, chuma kinachofyatuka, kijiti cha kukizuia na mahali pa kutega chambo. Ng'oa springi peke yake. Hutanasa panya wachache kuliko jana. Hutanasa hata mmoja. Mwanabiokemia Michael Behe wa Chuo Kikuu cha Lehigh, Marekani, aliutumia mtego huo katika kitabu chake cha 1996, na tangu hapo ndio mfano unaotajwa kila dhana ya ubunifu wenye akili, yaani kwamba viumbe vilipangwa na akili fulani, inapojadiliwa.

Hoja yake ni kwamba ndani ya seli mna vyombo vya namna ya mtego huo. Anachokipenda zaidi ni flajela, mkia wa bakteria unaozunguka kama pangaboi la boti, ukiendeshwa na mota iliyoundwa kwa protini nyingi. Toa protini moja muhimu, bakteria hasogei. Sasa, mageuko, yaani viumbe kubadilika kizazi hadi kizazi, hujenga kidogo kidogo, na kila hatua sharti imfae kiumbe wakati huohuo. Mota nusu inamfaa nani? Basi, anasema Behe, ipo akili iliyoipanga.

Dai hilo lina mipaka yake, na hapo ndipo wengi tunapopotea. Halisemi dunia iliumbwa kwa siku sita. Halisemi ina miaka elfu chache. Behe mwenyewe anakubali kwamba dunia ni kongwe mno, tena anakubali kwamba viumbe wana asili moja. Halimtaji hata mbunifu ni nani. Linachosema ni kwamba alama za akili iliyopanga zinaonekana kwa vyombo vya maabara, na kwamba kuzitambua ni kazi ya sayansi, si ya imani. Mtu anayesali kila siku na kuamini kwamba Mungu ameumba vyote bado hajaingia katika ubunifu wenye akili. Anaweza kuishi na kufa bila kuuhitaji.

Wazo lenyewe si la jana. Kasisi Mwingereza William Paley aliandika mwaka 1802 kwamba ukikuta saa imeanguka njiani hutasema imejitengeneza. Utajua kuna fundi. Charles Darwin, mwenye nadharia ya mageuko, alimsoma Paley alipokuwa mwanafunzi Cambridge na akamsifu. Jibu alilolitoa mwaka 1859 ni kwamba kwa viumbe vinavyozaana, vyenye tofauti ndogondogo na visivyosalia vyote, fundi wa kukaa mezani si lazima.

Jibu la wanabiolojia kwa mtego wa Behe linachekesha kidogo. Kenneth Miller wa Chuo Kikuu cha Brown, ambaye ni Mkatoliki, alitoa vipande viwili kwenye mtego na kuonyesha kwamba vilivyobaki vinafaa kuwa kibanio cha tai ya shingoni. Hakinasi panya, lakini kina kazi. Ndivyo ilivyo kwa flajela: sehemu ya protini zake zinafanana sana na zile zinazounda sindano ambayo bakteria wa tauni hutumia kudunga sumu kwenye seli. Kwa hiyo mota nusu inaweza kumfaa mwenyewe kwa shughuli nyingine kabisa. Mageuko hayaagizi vipuri vipya dukani. Huokota vilivyopo na kuvibadilishia kazi.

Ubishi huu ulifika mahakamani katika jimbo la Pennsylvania, Marekani. Mwaka 2004 bodi ya shule za Dover iliamua kwamba kabla ya somo la mageuko, wanafunzi wasomewe tamko: kwamba ya Darwin ni nadharia, si ukweli uliothibitika, na kwamba maktabani kuna kitabu kinachoeleza ubunifu wenye akili. Walimu wa sayansi walikataa kulisoma. Ikabidi viongozi wa shule waingie madarasani kulisoma wao. Wazazi 11 wakashtaki.

Kilichoiangusha bodi ni kitabu chenyewe. Rasimu zake za zamani zilipoletwa mahakamani, ilionekana ziliandikwa kwa lugha ya uumbaji. Mwaka 1987 Mahakama Kuu ya Marekani ilikataza uumbaji kufundishwa kama sayansi katika shule za umma, na baada ya hapo neno la "waumini wa uumbaji" likafutwa, mahali pake pakawekwa "watetezi wa ubunifu", huku maelezo yakibaki yaleyale. Mahali pamoja mhariri alifuta vibaya, neno jipya likakaa katikati ya neno la zamani, herufi za pande zote mbili zikichungulia. Tarehe 20 Desemba 2005 Jaji John E. Jones, aliyeteuliwa na Rais George W. Bush, alitoa hukumu ya kurasa 139: ubunifu wenye akili si sayansi, na hauwezi kutenganishwa na mizizi yake ya kidini. Gharama za kesi zilizoiangukia bodi zilifika dola milioni moja.

Kwetu sisi kuna tatizo jingine, nalo ni la lugha. Anayejifunza udereva ana mtihani wa nadharia na wa vitendo, na kila mtu anajua upi ndio udereva. Mtu akikwambia jambo lako ni la nadharia, anakudharau. Kwa hiyo "nadharia ya mageuko" inaingia sikioni ikiwa tayari imepungua uzito. Katika sayansi neno hilo lina heshima tofauti: ni maelezo yanayounganisha ushahidi mwingi na yaliyojaribiwa yakasimama. Kwamba vijidudu husababisha magonjwa nayo ni nadharia, na bado tunanawa mikono.

Ushahidi wenyewe mwingine uko mlangoni petu. Mwaka 1949 Anthony Allison, aliyekulia Kenya, alipima damu za watu wa makabila mbalimbali nchini humo. Karibu na pwani na Ziwa Victoria, waliobeba chembe ya urithi ya selimundu, ugonjwa wa damu, walizidi asilimia 20. Nyanda za juu, hawakufika asilimia 1. Mwaka 1954 alionyesha sababu: malaria. Mtoto aliyerithi chembe hiyo kwa mzazi mmoja hukingwa na malaria kali. Aliyeirithi kwa wote wawili huugua selimundu. Palipo na mbu wengi chembe hiyo ilidumu, na palipo na baridi ikabaki nadra. Haki itendeke: watetezi wa ubunifu hawakatai mabadiliko madogo ya aina hii. Wanakataa kwamba hatua kama hizo, zikilimbikizana, zinaweza kuunda mota.

Ndiyo maana mhadhara wa umma juu ya mambo haya ukiitishwa (na kwetu neno mhadhara limeshazoea mabishano ya dini viwanjani), swali la kwanza kutoka kwa wasikilizaji, "Wewe unaamini Mungu au huamini?", huwa limekosa shabaha. Miller anaamini na anaukataa ubunifu wenye akili. Papa Yohane Paulo wa Pili alisema mwaka 1996 kwamba mageuko ni zaidi ya dhana tete, bila kuiacha imani kwamba roho ya mtu yatoka kwa Mungu. Wapo pia wanaokataa mageuko moja kwa moja kwa sababu ya maandiko. Mwaka 2006 baadhi ya viongozi wa makanisa ya kiinjili Kenya walilalamikia Makumbusho ya Nairobi kuipa nafasi ya mbele mifupa ya Mvulana wa Turkana, mmoja wa watangulizi wa binadamu, iliyopatikana mwaka 1984 na yenye umri wa miaka kama milioni moja na nusu. Hao hawakuwa watu wa flajela wala mtego wa panya. Waliongea kama waumini, na Muumba wakamtaja kwa jina.