Upasuaji wa goti kwa matundu madogo: kabla ya kwenda na ukisharudi nyumbani

Matundu mawili au matatu, kila moja halifiki hata sentimita moja. Kwa kuwa mgonjwa haoni zaidi ya hayo, wengi hudhani shughuli imekwisha siku bandeji inapotolewa. Kumbe ndani daktari amepitisha kamera, amelijaza goti maji ya chumvi ili lipanuke, kisha akapunguza au kushona gegedu lililochanika, yaani ile nyama ngumu inayokaa kati ya mifupa ya goti. Gegedu haliponi kwa kasi ya ngozi.

Si kila goti linaloumwa linahitaji kamera. Goti lililosagika kwa umri mara nyingi halipati nafuu kwa njia hii; mazoezi ya misuli ya paja na kupunguza uzito husaidia zaidi. Wanaofaidika ni kama wale ambao goti lao linakwama, au waliochanika gegedu kwa kuumia.

Mtajie daktari mapema kila unachomeza: aspirini, dawa za kuyeyusha damu, za kisukari, hata za mitishamba. Usiache dawa kwa uamuzi wako. Usinyoe goti nyumbani, kwani wembe huacha mikwaruzo ambayo vijidudu hupenyea.

Kama upasuaji ni saa 2 asubuhi, usile chochote baada ya saa 8 usiku; maji matupu mwisho saa 12 asubuhi, labda uwe umeelekezwa vingine. Chai ya maziwa na uji vinahesabiwa chakula. Anayetoka Ludewa akapata chai Makambako ataahirishiwa, maana chakula kikipanda akiwa kwenye nusu kaputi huweza kuingia mapafuni.

Tafuta magongo kabla, ujizoeze. Kagua mpira wa chini: ukilika, utelezi wa Tukuyu wakati wa mvua hautakuhurumia. Kwenye ngazi, mguu usiopasuliwa hutangulia kupanda. Kushuka, magongo na mguu uliopasuliwa hutangulia. Choo cha kuchuchumaa kiwekewe kiti chenye tundu.

Siku tatu za kwanza inua mguu juu ya usawa wa moyo, weka barafu iliyofungwa kwenye kitambaa kwa dakika 15 hadi 20, mara kadhaa kwa siku. Bandeji isilowe. Kukanda kwa maji ya moto, au kuliotesha goti kwenye jiko la mkaa kwa sababu Njombe kuna baridi, huongeza uvimbe. Mto ukae chini ya kisigino, kamwe si chini ya goti: goti likilala limekunjwa, baadaye hukataa kunyooka. Ulanzi, pombe ya mianzi, usubiri mpaka umalize dawa za maumivu.

Zoezi muhimu kuliko yote halihitaji kifaa. Nyoosha mguu, kaza paja ukilisukuma goti chini, hesabu hadi tano, legeza. Rudia mara kumi, mara tatu au nne kwa siku. Chezesha nyayo juu na chini kila saa ukiwa macho, hasa ndani ya basi, ili damu isigande.

Nyuzi hutolewa siku ya 10 hadi 14. Aliyepunguzwa gegedu huacha magongo ndani ya siku chache, lakini jembe na kubeba mizigo husubiri takriban wiki sita. Aliyeshonwa hutumia magongo wiki nne hadi sita, na kuchuchumaa hadi chini husubiri miezi minne hivi. Waulize madaktari kabla hujaruhusiwa kwenda nyumbani: walikata au walishona?

Joto likivuka nyuzi 38, usaha ukitoka, au goti likivimba ghafla, rudi hospitali siku hiyo hiyo. Nyama ya nyuma ya muundi ikiuma na kuvimba, usikubali kuchuliwa. Huenda damu imeganda, na kuchua huweza kulisukuma bonge hadi kwenye mapafu. Kifua kikibana au pumzi ikikata, usingoje gari la asubuhi.