Taswira ya mwili: picha unayotembea nayo kichwani

Mbeya mwezi wa saba hakuna anayejua kama una kitambi. Sweta, juu yake koti, begani kitenge. Kuanzia Uyole mpaka Tukuyu wote tunafanana na magunia ya viazi. Kazi huanza Oktoba, jua linapochoma kabla ya mvua na masweta yakarudi sandukuni. Hapo mtu anajitazama mikono, mapaja, tumbo, na furaha yote inamwisha.

Kinachomwondolea raha si mwili wenyewe. Ni taswira ya mwili: picha ya mwili wako uliyonayo kichwani, jinsi unavyoihisi, na mambo unayofanya au kuyakwepa kwa ajili yake. Daktari wa akili mzaliwa wa Austria, Paul Schilder, aliichambua mwaka 1935, zamani za kabla ya simu za mkononi. Picha hiyo si lazima ilingane na kioo. Ndiyo maana kuna mwembamba anayejiona bonge, na bonge anayetembea kifua mbele.

Wachoraji wake ni wengi. Shangazi anakupokea na "Umenenepa!" akiwa anakusifu kabisa, wewe unalala nayo kama kesi. Ukikonda unaulizwa unaumwa nini. Halafu simu: Juni na Julai kwa Wazungu ni kiangazi, video za matumbo bapa ufukweni zinamiminika, nawe unazitazama umekumbatia jiko la mkaa.

Mwanjelwa, kwenye rundo la mitumba, nilimwona dada akijipimishia blauzi ya mikono mifupi. Ilimkaa. Akaivuta tumboni, akageuka huku na huku, akairudisha, akachukua shati la kiume pana. Saa saba mchana, jua la utosi! Kujificha hivyo kunatuliza kwa muda, ila kunaipa ile picha ushindi. Kesho unaficha zaidi.

Kwa hiyo nunua nguo inayoutosha mwili wa leo. Ivae kwanza kwenda dukani hapo jirani, kaa nayo mpaka wasiwasi ushuke wenyewe. Kurasa zinazokuacha ukijichukia, acha kuzifuata. Kushinda njaa mimi sikushauri: njaa ya mchana hulipwa usiku kwa sufuria ya wali, na lawama juu yake. Shangazi naye mjibu, "Asante shangazi, mahindi yameendaje?" Atahamia huko.

Ila anayeruka milo siku baada ya siku, anayejitapisha, au asiyetoka ndani kwa aibu, hayo si ya nguo tena. Aende hospitali, amwambie daktari hivyo hivyo, bila kusingizia vidonda vya tumbo.