Kifurushi cha Tovuti "Kisicho na Kikomo" Kina Vikomo Vyake

Wafanyabiashara wengi wa Kisumu wanaoanzisha tovuti huamini kwamba kifurushi kisicho na kikomo, yaani huduma ya kuhifadhi tovuti inayouzwa kwa ahadi ya nafasi isiyo na mwisho, kitaiwezesha tovuti kukua bila kizuizi chochote. Sivyo. Diski ya seva, yaani kompyuta inayohifadhi tovuti, ina ukubwa wake na hutumiwa na wateja wengi kwa pamoja. Ahadi hiyo huwezekana tu kwa sababu tovuti nyingi huhitaji nafasi ndogo mno.

Vikomo halisi vimo katika masharti ya matumizi, ambayo wachache huyasoma: idadi ya faili, kiasi cha RAM (kumbukumbu ya muda ya kompyuta), sehemu ya prosesa (kifaa kinachoendesha kazi za kompyuta) na idadi ya shughuli zinazoendeshwa kwa wakati mmoja. Muuza nguo wa soko la Kibuye, duka lake la mtandaoni likitembelewa na watu wengi kwa mpigo, aweza kukuta ujumbe wa hitilafu 508, yaani amefikia kikomo cha rasilimali, ilhali nafasi ya diski aliyoitumia ni ndogo. Hilo huniuma, kwani huwapoteza wateja siku ile ile aliyoingojea.

Kwa tovuti ndogo ya kanisa au chama, kifurushi hicho chatosha, ingawa cha bei nafuu chenye vipimo vilivyotajwa wazi hutosha vilevile. Kabla ya kulipa, uliza pia bei ya mwaka wa pili, kwa kuwa ya mwanzo mara nyingi huwa ya punguzo.