Namba inayofuata alama ya elementi si pambo

Malalamiko ya vifurushi vyenye mionzi kuzuiliwa "kwa sababu ya tarakimu tu" yamezidi kutufikia, na pamoja nayo maswali kuhusu vidonge vya iodini. Chanzo ni kimoja: watu husoma jina la elementi na kuiruka namba inayofuata.

Elementi hutambulishwa na idadi ya protoni kwenye kiini cha atomi. Kobalti ina protoni 27. Ingekuwa na 28 ingekuwa nikeli. Uzito hauamui chochote hapo. Uzani wa wastani wa kobalti ni 58.93 na wa nikeli 58.69, lakini kobalti ndiyo inayotangulia kwenye jedwali la elementi, na tangu kazi ya mwanafizikia Henry Moseley mwaka 1913, iliyozipanga elementi kwa protoni, suala hilo halina ubishi. Kinachoweza kutofautiana ni nyutroni. Namba inayofuata jina ni jumla ya protoni na nyutroni, yaani namba ya uzito. Kobalti-59 yenye nyutroni 32 imetulia, haitoi mionzi. Kobalti-60, iliyozidi nyutroni moja tu, hutoa miale ya gama. Kikemia ni kitu kilekile, maana elektroni ni 27 kwa zote mbili.

Ndiyo maana kanuni za usafirishaji za Shirika la Kimataifa la Nguvu za Atomiki zinataka lebo iwe na alama ya elementi pamoja na namba ya uzito, kiasi cha mionzi kwa bekereli (idadi ya atomi zinazovunjika kwa sekunde), na kwa lebo za njano, kielezo cha usafirishaji (namba inayoonyesha ukali wa mionzi mita moja kutoka kwenye kifurushi). Lebo nyeupe, daraja la I, ni ya kifurushi ambacho kipimo cha mionzi kwenye uso wake hakizidi milisivati (kizio cha dozi ya mionzi) 0.005 kwa saa. Njano daraja la II hufika 0.5, na daraja la III hufika 2. "Co", alama ya kobalti, peke yake haitoshi, na "CO" ni kaboni monoksidi. Kifurushi cha namna hiyo husimamishwa, nyaraka hurudishwa, na hakiondoki mpaka lebo na tamko la mtumaji vilingane. Tafadhali msituombe tuwajazie. Wajibu huo ni wa mtumaji.

Jina nalo lina uzito wake, kwa sababu elementi za safu wima moja hufanana tabia. Sesiamu iko chini ya potasiamu, zote zikiwa na elektroni moja kwenye ganda la nje, hivyo mwili huipokea sesiamu-137 na kuisambaza misulini kama potasiamu. Strontiamu-90 hufuata njia ya kalsiamu hadi mifupani. Huko Goiânia, Brazil, mwaka 1987, sesiamu iliyotoka kwenye mashine ya tiba iliyotelekezwa ilikuwa katika umbo la chumvi ya kloridi, inayoyeyuka upesi majini. Ilinata mikononi, ikaenea majumbani, na watu wanne wakafariki.

Sasa vidonge. Tezi ya thairoidi, iliyo shingoni, haitofautishi iodini-127 iliyo salama na iodini-131 yenye mionzi, kwani zote zina protoni 53. Kidonge cha potasiamu iodidi huijaza tezi iodini salama ili ile yenye mionzi isipate nafasi. Basi. Hakizuii sesiamu, hakizuii kobalti, wala hakikingi miale inayotoka nje ya mwili. Tumelieleza hili mara nyingi, na bado watu wanavimeza kwa kusikia uvumi, wakati vinaweza kuvuruga tezi yenyewe. Subirini tangazo la mamlaka ya afya: kidonge hufaa zaidi kikimezwa muda mfupi kabla ya iodini-131 kuingia mwilini, au saa chache tu baadaye.