Paka na masalio ya sufuria: tunayoyaamini na yaliyo kweli

Usiku, watu wakishakula, sufuria ya mchuzi hupanguswa kwa tonge la ugali, tonge akapewa paka. Tunafanya hivyo kwa mapenzi. Lakini ndani ya mchuzi ule mna vitunguu, na hapo ndipo nina neno.

"Kitunguu kikishaiva hakina neno." Si kweli. Kitunguu maji na kitunguu saumu huharibu seli nyekundu za damu ya paka, na moto wa jikoni hauiondoi sumu hiyo. Hata unga wa vitunguu uliomo kwenye viungo vingi vya pakiti ni uleule, tena umekolea. Gramu 5 tu za kitunguu kwa kila kilo ya uzito wa paka zaweza kumdhuru. Paka wa kilo 3, basi, hesabu gramu 15: kipande kidogo cha kitunguu kimoja.

Ubaya wake hauonekani siku ileile. Paka wetu alilamba rosti Jumapili, akacheza kama kawaida. Jumatano alijikunja chini ya kiti, anahema mbiombio. Nilipomfunua mdomo, ufizi ulikuwa mweupe kama karatasi. Ukiona hivyo, au mkojo umegeuka mwekundu au wa kahawia, mkimbize kwa daktari wa mifugo saa hiyohiyo. Na tafadhali usimpe parasetamoli ukidhani ana homa. Kidonge kimoja chaweza kumuua.

"Paka akishiba ugali inatosha." Tumbo litajaa, ndiyo. Ila paka ni mla nyama, na mwili wake hauwezi kujitengenezea kiasi cha kutosha cha taurini, kirutubisho ambacho moyo na macho yake hukihitaji. Taurini imo kwenye nyama na samaki. Kwenye mahindi na mchele haimo. Mwaka 1987 watafiti wa Chuo Kikuu cha California, Davis, walionyesha kwamba paka anayeikosa hutanuka moyo, ukadhoofika. Macho nayo hupofuka. Ugali kidogo uliochanganywa na samaki si kosa. Ugali mtupu kila siku ni njaa ya polepole. Chakula cha mbwa pia hakimtoshi, kwa sababu hiyohiyo.

"Kinywaji cha paka ni maziwa." Kitoto kinachonyonya kina uwezo wa kusaga sukari ya maziwa, lakini akishaachishwa uwezo huo hupungua, ndiyo maana wengi huharisha wakipewa ya ng'ombe. Maji safi, yabadilishwe kila siku.

Dagaa je? Wanafaa, mradi si wa chumvi na si chakula chake pekee. Wale walioanikwa mchangani waoshe vizuri, kisha wachemshe. Baadhi ya samaki wabichi huvunja vitamini B1 mwilini, na paka aliyezoeshwa hao tu huanza kuyumba, hata kupata degedege.

Mifupa ya kuku iliyopikwa usimpe: hupasuka vipande vyenye ncha, vikamchoma koo au utumbo. Chokoleti pia ni sumu kwake.

Kwangu siku hizi, kabla kitunguu hakijaingia kwenye mafuta, nachota vipande vitatu vinne vya nyama, navichemsha kwa maji matupu kwenye kisufuria cha pembeni. Vikipoa navichambua kwa vidole, naye yuko miguuni anasubiri.